Mawe Yaliyolizidi Taifa Umri

Nchi siitaji jina. Nina mama, nina meno yangu yote, na ningependa kubaki na vyote viwili. Itoshe kusema ni nchi yenye bendera, wimbo, na maafisa wengi kuliko viti, na kwamba yote nitakayosimulia yalifanyika kwa kufuata utaratibu. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari wa kila kikao. Kama unadhani natunga, nenda kaombe faili ulisome. Hawatakupa, lakini nenda, ukirudi utaniheshimu kidogo.

Mambo yalianza kwenye sherehe za kutimiza miaka arobaini na mitatu ya Taifa. Mtukufu, maana ndivyo tunavyomwita kiongozi wetu, na wewe ukija kwetu utamwita hivyohivyo, alihutubia kwa saa nne juani. Ilipofika saa ya tatu, naye akiwa amechoka kama sisi, akasema kwamba kabla ya Taifa hili hapakuwa na kitu. Nadhani alitaka kusema hapakuwa na lami. Lakini maneno ya Mtukufu hayana "nadhani", na Jumatatu iliyofuata waraka ulitoka: ni marufuku kwa kitu chochote, chenye uhai au kisicho na uhai, kuwa na umri unaozidi miaka arobaini na mitatu.

Usicheke. Sisi hatukucheka, tulipanga foleni. Wazee walikwenda ofisi za wilaya kuchukua vyeti vipya vya kuzaliwa. Mama yangu, Bi Nyamizi, aliingia ana miaka sabini na moja, akatoka ana arobaini na mitatu, ila magoti yake hayakupewa taarifa. Mimi nilikuwa na arobaini na sita, kwa hiyo kuanzia asubuhi hadi mchana nilikuwa nimemzidi mama yangu mzazi miaka mitatu. Afisa alipoliona kosa hilo alinishusha mpaka ishirini na tano, akanipongeza kwa kupata ukarani mkuu nikiwa bado kijana mdogo. Jina langu ni Methusela. Kwa ajili ya jina hilo nilihojiwa siku mbili, na sitaki kulizungumzia.

*

Nchi nzima ikawa changa. Misikiti ikawa michanga, makanisa yakawa machanga, hata mto mkubwa wa mashariki ulifutiwa miaka yake ukaanza upya. Kisha barua ikaja wizarani kwetu kutoka kwa msamaria mwema mmoja, mhadhiri wa chuo kikuu aliyekuwa akigombea ofisi yenye dirisha. Alisema kwamba pale chuoni, nyuma ya kantini, kuna maktaba ya jiolojia, na ndani yake kuna mawe yanayodai kuwa na miaka bilioni mbili. Yanadai waziwazi. Kwa maandishi.

Iliundwa Kamati Maalumu ya Kurekebisha Umri wa Mawe. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Fulgensi Kazitondo, aliyeletwa kwetu kutoka idara ya uvuvi baada ya samaki kwisha. Chini yake walikuwepo wajumbe watatu, na mkubwa wao alikuwa Kanali mstaafu Debwe, mtu ambaye hajawahi kutoa maoni kabla mwenyekiti hajatoa yake. Karani nilikuwa mimi.

Tuliikuta maktaba imetulia. Chumba kirefu, dari limevuja pembeni, na kila mahali makabati ya chuma yenye droo pana, bapa, za kulaza ramani. Ramani zilikuwa elfu kumi na mbili. Kulikuwa na madaftari ya watu waliozunguka nchi kwa miguu wakichora miamba, mengine yakiwa na madoa ya chai, na moja lina mbu aliyebanwa kati ya kurasa mbili tangu enzi ambazo sasa hazipo kisheria. Kulikuwa na mawe kwenye vishubaka, kila jiwe na kadi yake: jina, mahali lilipookotwa, nani aliliokota, na umri. Na ukutani kote kulikuwa na masanduku marefu yenye miche ya mawe. Ni mawe ya mviringo, kila moja nene kama mche wa sabuni, yaliyotolewa chini sana ardhini kwa mashine ya kutoboa ili wataalamu wajue huko chini kuna nini.

Mwenye vyote hivyo alikuwa Bi Kuruthumu Sengeuka, mtunza maktaba, mwanamke mwembamba aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa na miaka thelathini na moja kazini. Cheti chake kilisema ana umri wa arobaini na mitatu, kwa hiyo aliajiriwa akiwa na miaka kumi na miwili, na hakuna aliyeona ajabu.

Mheshimiwa Kazitondo alisimama mbele ya jiwe la kwanza, akaisoma kadi, akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza ni nani aliyeliruhusu jiwe hili kuwa na miaka bilioni mbili.

"Halikuomba ruhusa," alisema Bi Kuruthumu. "Lilikuwepo."

Niliamriwa kuandika hiyo kama kauli ya kiburi, na nikaandika. Ila sikujua kiburi hicho nikiandike kwa jina la mama huyo au kwa jina la jiwe, kwa hiyo nikaviandikia vyote.

*

Tulirekebisha umri kwa wiki mbili, kwa kalamu nyekundu. Mawe magumu tuliyapa arobaini na mitatu, kwa heshima. Udongo wa mfinyanzi tuliupa kumi na miwili. Kuna jiwe moja zuri la zambarau ambalo mwenyekiti alilipa miaka kumi na tisa kwa sababu lilimkumbusha mtu, na hakusema nani, nasi hatukuuliza. Bi Kuruthumu alikaa kwenye meza yake akituangalia. Kila jioni tulipotoka alikuwa akichukua penseli na kuandika umri wa zamani nyuma ya kadi. Nilimwona. Sikusema. Huo si wema, ni uvivu. Ningesema, ningeandika ripoti kurasa sita.

Asubuhi moja tulimkuta amesimama penye sanduku la miche, ameshika jiwe mkononi, analilamba.

Mwenyekiti alishtuka akarudi nyuma hadi akamkanyaga Kanali. Mara moja likazuka suala la ulozi, na mjumbe mmoja akataka aitwe mchungaji. Bi Kuruthumu akamaliza kulamba kwanza, ndipo akaeleza, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto jambo kwa mara ya nane, kwamba hiyo ndiyo kazi. Watu wa jiolojia hulamba mawe. Jiwe likilowa huonyesha rangi zake. Udongo wa mfinyanzi hung'ang'ania ulimi. Na yapo mawe ambayo hakuna kipimo kinachoyajua upesi zaidi ya ulimi wa binadamu.

"Hili ni la Kilima Ngwenje," alisema. "Lilitobolewa zamani, hatua arobaini kwenda chini. Ni chumvi. Kilima chote chini ni chumvi. Mkijaza maji pale yatapenya, yatakula chumvi, kilima kitabaki ganda tupu, na ukuta wenu utakuwa umesimama juu ya hewa."

Hapo hata Kanali aliacha kusugua mguu wake. Maana Kilima Ngwenje ndiko lilikokuwa linajengwa Bwawa la Asali. Jina hilo lilitolewa na Mtukufu mwenyewe, alipotembelea eneo akasema kuwa bonde la Kisimbo, lililo chini yake, litatiririka asali. Tangu siku ile kila kitu cha huko kilikuwa kitamu kwa amri: maji matamu, udongo mtamu, mradi mtamu. Bi Kuruthumu akatueleza kwamba ameandika barua kumi na moja kuhusu chumvi hiyo. Jibu lilikuja moja, la kumshukuru kwa kuunga mkono mradi.

Bonde la Kisimbo lina kaya mia tatu na zaidi. Moja ni ya mama yangu. Nyumba yake ina bati jekundu, na ukisimama mlangoni unauona ukuta wa bwawa ukipanda siku hadi siku, mbele ya jua la asubuhi.

*

Mheshimiwa Kazitondo si mjinga. Watu wanadhani wakubwa wetu ni wajinga; laiti wangekuwa. Aliagiza kiitishwe kikao rasmi pale pale, ajenda moja: kuonja jiwe.

Jiwe liliwekwa kwenye sahani. Mwenyekiti akalilamba wa kwanza. Nilikuwa nimekaa karibu naye, nikaona shavu lake likiruka na jicho la kushoto likifumba lenyewe. Akameza mate. Akatazama picha ya Mtukufu ukutani, nayo ikamtazama.

"Tamu," akasema.

Kanali Debwe akalamba, machozi yakamlenga, akasema tamu sana. Mjumbe wa tatu akasema utamu wake unamkumbusha utotoni. Wa nne akaomba kulamba tena, maskini, kwa kuzidisha uzalendo, na akakohoa mpaka akagongwa mgongoni. Kisha sahani ikaletwa kwangu, kwa kuwa karani naye ni mtumishi wa umma.

Nililamba. Ilikuwa chumvi, bwana. Chumvi ya kuungia mboga ya harusi nzima. Nikaliona lile bati jekundu. Nikaiona na mikono ya mwenyekiti imefumbatana mezani, ikingoja. Nikachukua kalamu nikaandika: "Wajumbe walionja jiwe na kuridhika, kwa kauli moja, kwamba ni tamu."

Bi Kuruthumu alikuja akasoma begani mwangu. Hakupiga kelele, na ningefurahi kama angepiga. Aliniuliza, "Karani, mama yako si wa Kisimbo wewe?" Nikamwambia ndiyo. "Haya," akasema, "soma tena ulichoandika, kisha mkono wako uusalimie." Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule mama dakika ile. Nilimchukia mpaka masikio yakawaka moto.

*

Uamuzi uliofuata ulikuwa wa busara. Kwa kuwa mawe ni matamu, basi hayana ubaya. Lakini kwa kuwa yamewahi kuringia umri, basi hayana adabu. Kwa hiyo yakalitumikie Taifa mahali penye kazi. Malori manne yalikuja. Mawe yote, vishubaka na masanduku, ile miche ya chumvi ikiwa ya kwanza, yalipelekwa Kilima Ngwenje yakavunjwavunjwa kuwa kokoto, yakachanganywa kwenye zege la ukuta. Ramani elfu kumi na mbili walipewa watu wa itifaki, waliozipenda kwa ukubwa wake, zikawa za kutandikia meza siku ya uzinduzi. Madaftari na kadi zilitumika kuwashia moto wa nyama ya kuwapongeza wapakiaji. Sijui yule mbu alikwenda wapi.

Siku ya mwisho tulitia sahihi hati ya makabidhiano. Niliiandika mimi, na naikumbuka neno kwa neno kwa sababu niliionea fahari: "Sisi wajumbe tunathibitisha kuwa maktaba hii haina tena kitu chochote chenye manufaa kwa Taifa, na kwamba hakuna mtu, wa cheo chochote, atakayedai kitu kutoka kwake sasa au baadaye." Tukasaini watano. Bi Kuruthumu akaomba nakala yake, akaikunja mara nne, akaitia kifuani, akaondoka na birika lake la chai. Ndio mzigo pekee aliotoka nao baada ya miaka thelathini na moja.

Mche mmoja wa chumvi nilikuwa nimeuficha ndani ya koti. Usiniulize kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe, na mimi nikauacha.

*

Jumamosi nikaazima pikapu, nikaenda Kisimbo kumchukua mama. Nilimwambia daktari ameshauri abadilishe hewa. Mama hana daktari, lakini alifurahi kwamba nimemkumbuka, akapanda na kuku wake.

Kwenye kona ya mlima tukafikiwa na lori lililotoka bondeni kama sisi. Juu yake kulikuwa na makochi matatu, na kwenye kochi la katikati ameketi shangazi yake Mheshimiwa Kazitondo, ameshika redio. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa mbele na dereva. Nyuma yao ilikuja trekta ya Kanali Debwe imebeba mbuzi, baba mkwe, na mlango wa nyumba uliong'olewa na fremu yake. Tulisimama tukasalimiana. Mwenyekiti akasema shangazi anabadilisha hewa. Kanali akasema mbuzi pia. Nikasema kweli hewa ya mjini ni nzuri majira haya. Tukatakiana safari njema, na hakuna aliyemtazama mwenzake machoni.

Wakati huohuo Bi Kuruthumu alikuwa akipita Kisimbo nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wahame. Walimsikiliza, wakampa maji ya kunywa na kigoda. Kisha wakamuuliza ushahidi uko wapi. Serikali imesema tamu, na ina muhuri. Yeye ana nini? Hakuwa na kitu. Hata kokoto moja hakuwa nayo.

Mama yangu alikaa kwangu siku tisa. Siku ya kumi alikuwa akitafuta sindano kwenye droo yangu, akaliona jiwe. Mwanamke wa Kisimbo akiona kitu cheupe asichokijua hukionja, ndivyo walivyo. Niliporudi kutoka kazini nikamkuta amelishika mapajani.

"Methusela, hii chumvi umeitoa wapi?"

Nikamwambia. Nilijaribu kuanza na waraka, utaratibu, wajumbe, akidi. Akaninyamazisha kwa mkono. Akauliza kama kamati inajua. Nikasema inajua. Akauliza kama lile lori la makochi lilikuwa la kamati. Nikasema ndiyo. Akanitajia jina la Mama Kazinja, jirani yake, aliyenipokea mimi nilipozaliwa na kunifunga kitovu kwa uzi wa kanga yake mwenyewe kwa sababu mvua ilizuia wakunga.

"Huyo naye umembadilishia hewa?"

Nilijibu kitu; sikumbuki. Mama akafunga kanga kiunoni, akakamata kuku wake mmojammoja, akarudi Kisimbo. Aliniachia neno moja tu: atatoka bondeni akiwa wa mwisho, na atatoka siku nitakapoleta lile jiwe watu walionje kwa ndimi zao. Nisipoleta, basi nimtafutie sanda nyepesi, maana hapendi joto.

Wewe ungefanyaje? Sitaki jibu lako. Nililala siku tatu nikimkasirikia yeye, Mama Kazinja, wakunga na mvua. Ya nne nikaenda.

*

Tulikusanyika kiwanjani mbele ya shule. Mama alikuwa amewaita wote, na Bi Kuruthumu alikuwepo, amekaa kwenye kigoda chake. Lakini na gari la matangazo la serikali lilikuwepo, lile lenye vipaza sauti, na ndani yake afisa mwenye daftari. Nililiweka jiwe kwenye sahani ya mama. Nikasema, kwa sauti ambayo haikutoka vizuri, kwamba hili ni la chini ya Kilima Ngwenje, kila mtu alionje aseme mwenyewe.

Wa kwanza alikuwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Lutego. Akalamba. Nikaona shavu likiruka. Akaligeukia gari, akaliona daftari limefunguliwa.

"Tamu," akasema.

Akafuata mkewe: tamu. Mwalimu mkuu: tamu. Mama Kazinja, aliyenifunga kitovu, akalamba, akanitazama kwa huruma kabisa, akasema tamu, mwanangu. Foleni ilikwenda mpaka mchana. Watu mia nane na ushee walilamba jiwe lile, na kila mmoja akasema tamu, na jiwe likawa linapungua, kutoka mche wa sabuni hadi yai, kutoka yai hadi njegere. Mama yangu alikuwa wa mwisho. Akaitia ile njegere mdomoni, ikayeyuka, ikaisha.

"Chumvi," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye gari. Afisa akaandika kwamba bibi mmoja hana ulimi.

Nilirudi mjini nikilia kwa hasira. Nilijua nimepoteza jiwe, nimempoteza mama, na kazi itafuata. Baada ya siku mbili nikapata ujumbe nikamchukue mama njia panda. Nikamkuta amekaa na kuku wake, na nyuma yake bonde zima la Kisimbo liko kimya. Mabati yameezuliwa. Milango haipo. Hata kengele ya shule imeondoka na mti wake. Mia nane wote wamehamia juu ya Kilima cha Pili, ng'ambo ya bonde, wanajenga. Midomo ilisema tamu kwa sababu ya gari, miguu ikasema chumvi kwa sababu ya watoto. Na mimi niliwadharau siku nzima, mimi niliyeandika ile "kwa kauli moja".

*

Bonde tupu liliitia serikali aibu, lakini aibu ya dakika chache tu. Mheshimiwa Kazitondo alimpelekea Mtukufu taarifa kwamba wananchi wa Kisimbo, kwa mapenzi mazito, wamehama kwa hiari ili kumzawadia kiongozi wao bonde lote. Mtukufu aliguswa, nasikia alitoa kitambaa. Akaamuru ajengewe nyumba ya kupumzikia hapohapo, vyumba arobaini na vitatu, na chemchemi ya kurusha maji uani. Ilijengwa chini ya ukuta kabisa, pale lilipokuwa bati jekundu la mama yangu, kwa sababu mandhari ya pale ni mazuri.

Katika nchi nzima, mtu aliyebaki akiamini kwamba Kilima Ngwenje ni kitamu alikuwa mmoja. Ni yule ambaye sote tulimwambia.

Siku ya uzinduzi bwawa lilikuwa limejaa. Meza zilitandikwa ramani. Mbele yangu, chini ya sahani ya pilau, nilikuwa na Kilima Ngwenje chenyewe, kimechorwa kwa rangi tano, na kwenye ile rangi nyeupe mtu wa zamani alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: chumvi, hadi hatua mia mbili. Kanali Debwe akaimwagia mchuzi. Nadhani alifanya makusudi.

Mtukufu akaletewa glasi ya kwanza ya maji ya bwawa. Akanywa nusu, akasita. Akatugeukia wajumbe, akauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli, tunayaonaje. Tukanywa. Tukasema tamu.

"Mimi niliona kama kuna chumvi kidogo," alisema. "Labda ni ulimi wangu. Umri nao…"

Akanyamaza, kwa sababu na yeye ana arobaini na mitatu. Tulikuwa na nafasi hapo, ndugu yangu. Ilikuwa wazi kama mlango wa duka. Mheshimiwa Kazitondo akapiga makofi, nasi tukapiga, na Mtukufu akamalizia glasi.

*

Wiki iliyopita zimekuja kadi za mwaliko. Mtukufu anawaalika wajumbe wote wa Kamati ya Mawe, pamoja na karani, kulala kwake Kisimbo mwezi mzima wa masika, tule, tupumzike, tufurahie kazi ya mikono yetu. Mwaliko wa Mtukufu hauna udhuru. Kuna waziri aliyewahi kuwa na udhuru. Siku hizi hatajwi.

Ukuta umeanza kutoa jasho. Mlinzi wa bwawa alisema hivyo kwa simu, kisha akabadilisha hewa.

Juzi mwenyekiti alitukusanya wote watano tukapanda Kilima cha Pili kwa miguu, kwenye matope, kumtafuta Bi Kuruthumu. Tulimkuta anapalilia mchicha nyuma ya kibanda. Mheshimiwa Kazitondo, ambaye sijawahi kumsikia akimwamkia mtu, alimwamkia shikamoo. Akamwomba jiwe moja. Au ramani moja, hata yenye mchuzi. Au kadi. Mtukufu ni mtu wa kuelewa, alisema, lakini hawezi kuamini jambo zito namna hii bila ushahidi, na hasa akisikia kutoka kwetu, tuliomwambia kinyume chake kwa muhuri.

Bi Kuruthumu akajifuta mikono. Akaitoa kifuani ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa mwenyekiti aisome kwa sauti. Akaisoma yote, hadi sahihi yangu.

"Ushahidi mliujengea ukuta," akasema Bi Kuruthumu. "Nendeni mkaulambe." Akarudi kwenye mchicha wake.

Tulikwenda. Nisamehe, lakini tulikwenda. Watu wazima watano, mmoja mheshimiwa kamili, tulitembea chini ya ukuta wa Bwawa la Asali kwenye mvua tukiulamba zege kipande kwa kipande, tukitafuta mahali pa chumvi tumwonyeshe Mtukufu. Mvua ilikuwa inatutangulia kuosha. Kanali alidhani amepata, kumbe ni jasho la mwenyekiti. Kutoka dirishani kwenye ile nyumba ya vyumba arobaini na vitatu Mtukufu alituona, akatupungia mkono kwa furaha, akidhani tunaubusu.

Sasa hivi mama ananifungia mkoba. Ameniuliza ni nani kati yetu atakayemwambia yule mzee. Nikamwambia kila mmoja anamngoja mwenzake. Akasema mimi nina ulimi, ameuona mwenyewe siku aliponizaa, ulikuwa mrefu na ulipiga kelele nyumba ya tatu ikasikia. Kisha akaendelea kukunja mashati.

Gari limepiga honi. Nimeisoma tena kadi ya mwaliko. Chini kabisa, kwa mkono wake, Mtukufu ameandika kwamba tusijisumbue kubeba maji ya kunywa. Huko yapo mengi, na ni matamu.